Mashine Iliyozimwa na Maji Ndani

Mangere, Auckland
6 Novemba 1995

Mjomba Lisiate,

Shikamoo. Najua utacheka, maana kwa desturi yetu mimi mtoto wa dada yako ndiye mkubwa wako, lakini mwenye shida ndiye anayeinamisha kichwa, na leo mwenye shida ni mimi. Huku tu wazima. Mume wangu Sosaia bado anapakia mizigo uwanja wa ndege. Mgongo unamsumbua yeye, na yeye anatusumbua sisi. Kwaya inajiandaa kwa Krismasi, na wanawake wa sauti ya kwanza wamegombana tena, safari hii kwa sababu ya kofia. Mama anakusalimia sana. Msalimie mkazamjomba Seini.

Kilichonishikisha kalamu ni mashine ya kuoshea mazulia, ile iliyofungwa ndani ya gari. Ningepiga simu posta ya Pangai, lakini wewe mwenyewe unajua, mambo yangu yangefika kisiwa kizima kabla hayajafika kwako. Gari lenyewe linawaka na linatembea. Kinachogoma ni injini ya nyuma, ile inayoendesha pampu ya maji ya moto na pampu kubwa ya kufyonza maji machafu. Nageuza ufunguo, haiwaki. Jirani yetu mmoja anayejiita fundi amebadilisha plagi, amesafisha kabureta, amekunywa chai yetu, kisha akatangaza kwamba injini imekufa.

Mazulia ya watu yananingoja, na hoteli imeshaanza kuita wengine. Mashine hiyo uliifunga wewe kwa mikono yako, bolti kwa bolti. Nielekeze nifanye nini.

Mpwa wako,
Kalolaine


Lifuka, Ha'apai
27 Novemba 1995

Mpwa wangu Kalolaine,

Marahaba, na mimi nakuamkia vilevile, tusije tukalaaniwa wote wawili. Barua yako ilichelewa Nuku'alofa ikingoja meli. Seini hajambo, anakula kunishinda. Viazi vikuu vimeota vizuri mwaka huu. Nguruwe wa jirani nao wameliona hilo.

Umeandika kwamba mama yako ananisalimia sana. Kalolaine, Lupe hajawahi kunisalimia "sana" tangu tuzaliwe. Dada yangu akitaka kunisalimia hunitumia la kunirekebisha: kwamba niliukosea wimbo fulani kanisani nikiwa kijana, au kwamba nisipande viazi kabla mwezi haujajaa. Tangu nirudi huku sijapata mstari wake hata mmoja. Mwambie anitilie mmoja tu, hata wa kunigombeza. Nitaufurahia kuliko unavyodhani.

Sasa mashine. Fundi anayebadilisha plagi kabla hajasikiliza ni kama daktari anayemkata mtu mguu kwa sababu anakohoa. Mnyime chai. Injini isiyowaka huwa na lugha tatu. Ama inakaa kimya kabisa. Ama inagonga "tik" halafu basi. Ama inazunguka vizuri lakini haishiki moto. Hujaniambia yako inasema lipi, kwa hiyo nitajibu yote.

Kama inazunguka bila kushika, angalia tangi la maji machafu. Ndani mna boya. Tangi likijaa boya hupanda na kuizima injini ili uchafu usiingie kwenye pampu, na wewe utabaki kuhangaika na plagi. Halafu tazama petroli ya gari. Mashine inanyonya kutoka tangi hilohilo la gari, na bomba lake sikulifikisha chini kabisa. Nilifanya makusudi, ili petroli ikipungua mashine ndiyo ikose kwanza, wewe ubaki na ya kukurudisha nyumbani. Kama ni kimya kabisa, tafuta fyuzi, na usugue vichwa vya betri. Kama ni "tik", niandikie kabla hujafungua kitu chochote.

Na uniambie mashine ilifanya kazi mwisho wapi, na siku hiyo mliizima vipi.

Mjomba wako,
Lisiate


Mangere
14 Desemba 1995

Mjomba,

Heri ya Krismasi wewe na mkazamjomba, ingawa naona itawafikia mwaka mpya. Kofia zimeamuliwa: nyeupe. Sosaia amepewa dawa ya kuchua mgongo, nyumba nzima inanuka kama zahanati. Joto limeanza. Mama anasema usipande viazi kabla mwezi haujajaa.

Ni "tik". Tik moja, halafu taa ya mashine inafifia, halafu hakuna kitu. Nilitafuta fyuzi, nzima. Tangi la maji machafu halina kitu, petroli ya gari ni zaidi ya nusu. Nilisugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa, na waya wa kwenda kwenye bodi nikaukaza. Nikaazima betri ya gari la mchungaji, ambayo ni mpya. Bado tik. Sosaia anasema tununue stata nyingine, mimi nikamwambia tungoje barua yako.

Siku ya mwisho ilifanya kazi kama kawaida, kwenye ukumbi wa hoteli. Hakuna la ajabu.

Wako,
Kalolaine


Lifuka
4 Januari 1996

Mpwa wangu,

Krismasi yenu tumeipokea. Kwetu mchungaji alihubiri mpaka chakula kikapoa, na Seini hajamsamehe. Mimi magoti yananikumbusha sakafu zote za Auckland nilizozipigia magoti. Vinginevyo mzima.

Mstari wa Lupe umenifikia, lakini ni wangu mwenyewe ulionirudishia. Nilikuandikia kwamba viazi vimeshaota. Dada yangu hata angekuwa na hasira kiasi gani hawezi kuniambia mwezi wa Desemba nisubiri kupanda. Hukumwuliza, au ulimwuliza asijibu. Niambie ni lipi kati ya hayo, maana nimeligeuzageuza kichwani siku nzima na kila upande linaniumiza.

Usinunue stata. Tik pamoja na taa kufifia, na betri nzuri, maana yake stata inajaribu kusukuma kitu kisichosogea. Legeza bolti ya kukazia mkanda, utoe mkanda unaounganisha injini na pampu ya kufyonza. Kisha geuza ufunguo. Injini ikizunguka, basi haikuwa mgonjwa hata kidogo. Ilifungiwa mzigo uliokwama. Izime hapohapo, ujaribu kuizungusha pampu kwa mkono. Ikikataa, iache, usiilazimishe.

Ikikataa, ni kutu. Ndani ya pampu ile mna vyuma viwili vinavyozungukana bila kugusana, na nafasi iliyo kati yao ni ya unywele tu. Ikilala na unyevu, kutu huijaza nafasi ile. Ndiyo maana nilikufundisha kila jioni utoe mabomba, uiache ivute hewa kavu, kisha uipulizie mafuta mpaka itoe moshi. Miaka yote uliyofanya kazi na mimi hukuacha kufanya hivyo. Hata siku ya harusi yako Sosaia alikusubiri kanisani, ukaja unanuka oili. Kwa hiyo sikuulizi kwa nini ulisahau, kwa sababu wewe husahau. Nakuuliza kilitokea nini siku ile. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Seini ananiambia niende mwenyewe nikaitazame. Nimemjibu kwamba mtu aliyeaga kwa kusema amechoka hawezi kurudi na kushika spana kwenye gari la mwenzake. Akaniita jina ambalo siliandiki hapa.

Lisiate


Mangere
19 Januari 1996

Mjomba wangu,

Safari hii salamu zitakuwa fupi, unisamehe.

Nilitoa mkanda. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma kama haijawahi kulala. Pampu haisogei hata kidogo. Nilikaa kwenye sakafu ya gari nikalia, na Sosaia akadhani nalilia pampu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Nilikuwa hotelini, bomba bado limo ndani ya maji, waliponiita kwenye simu ya mapokezi. Mama alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa na wenzake, wanabandika kitambaa cha magome, akaanguka juu yake. Nilizima mashine vilevile ilivyokuwa, nikaendesha gari mpaka hospitali huku mabomba yakiburuzika nyuma. Baada ya hapo sikuligusa tena kwa wiki kadhaa, nilikuwa kando ya kitanda. Upande wake wa kushoto umekufa, mjomba. Maneno yanatoka polepole. Sasa yuko nyumbani, tumemweka chumba cha mbele, na daktari hasemi mambo mazuri.

Ni yeye aliyenikataza. "Usimwandikie Lisiate," aliniambia. "Kaka hasomewi habari za mwili wa dada yake. Na akisikia atakuja, na akija atakuta gari lake linaozea uani."

Nikamwambia, "Si gari lake, Mama. Alinipa."

Aligeuza kichwa kwenye mto. Kisha akasema, "Nani alikuambia alikuwa amechoka?"

Na hapo ndipo nikaisikia sherehe yako ya miaka hamsini kama yeye alivyoiona. Mimi nimekaa mbele, fahu wako, mtoto wa dada ambaye hanyimwi kitu na mjomba wake. Nimeshapewa mikeka, nimeshapewa keki ya juu. Nikanyoosha mkono nikasema fahu anataka na funguo za gari. Nusu nilikuwa natania, mjomba. Nusu nyingine Sosaia hakuwa na kazi. Wewe ulicheka, ukanirushia funguo, watu wakapiga makofi, nami nikaamini umefurahi. Baada ya mwezi ukasema umechoka na mji, ukarudi Ha'apai.

Mama akasema: "Fahu huchukua mikeka. Hachukui kazi ya mikono ya mtu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na uwezo wa kukukanya mbele ya watu, nikanyamaza ili nisikuaibishe. Sasa nimwandikie nini?" Hiyo ndiyo sababu hukupata mstari. Kila nilipompa kalamu alisema mkono umechoka, na mwisho mkono ukachoka kweli.

Ungesema hapana. Hata kwa jicho tu, ningeelewa. Lakini najua hukuwa na njia ya kusema.

Njoo. Sikuombi kwa ajili ya mashine. Gari ni lako, ulikubali usilikubali, na Mama aliyenikataza ndiye anayeuliza habari za kila meli ya kwenu.

Kalolaine


Lifuka
30 Januari 1996

Kalolaine,

Nakuja. Seini ameshafunga mkeka wangu na chupa ya mafuta ya nazi kwa Lupe, aliyotia maua. Nitapanda meli ya kwanza hadi Nuku'alofa, kisha ndege.

Gari ni la fahu. Kilichotolewa hakirudishwi, wala sikulelewa kumwambia mtoto wa Lupe hapana, kwa hiyo usilitaje tena. Lakini umeniambia kweli na mimi nitakuambia. Nilikasirika. Nilikasirika mwaka mzima, nikipalilia viazi kana kwamba vimenikosea. Si kwako wewe, ulikuwa mtoto wa watu anayetafuta riziki. Ni kwa Lupe, kwa sababu alikuwepo na hakusema neno. Kumbe yeye alinyamaza kwa aibu, mimi nikanyamaza kwa hasira, na kila mmoja akadhani mwenzake amemchoka. Watu wazima wawili.

Barua yako ya kwanza ilinishtua pale pale kwenye "sana". Ningekuja wakati ule. Nilijiambia siwezi kwenda kuwa mgeni mbele ya mashine niliyoiunda. Nimepoteza miezi kwa ajili ya hilo, na sasa naihesabu kwa uchungu.

Mimina mafuta ya kulegeza kutu ndani ya mdomo wa pampu, uiache inywe mpaka nifike. Asishike mtu spana, hasa jirani yule. Nitalala kwa mchungaji, maana kaka halali nyumba anayolala dada yake. Mchana nitakuwa kwenye gari, uani kwenu. Mwambie Lupe hivyo, ajue nitakuwa karibu.

Lisiate


Mangere
2 Aprili 1996

Mjomba,

Natumaini meli haikukutesa, na kwamba mkazamjomba alikuta bado una mwili. Sosaia anakusalimia. Tangu ulipompa spana akaze bolti za pampu anazungumza kama fundi, ananichosha. Mashine inawaka kwa mguso mmoja. Kila jioni naivutisha hewa kavu na kuipulizia mafuta, mpaka majirani wanafunga madirisha.

Nyumba ni kubwa mno. Bado napika chungu kilekile. Mikeka ya msiba, ile ya kufunga kiunoni, tutaivaa mpaka wakati wake uishe, na mimi sina haraka ya kuivua.

Nazikumbuka siku zako za uani. Ulikuwa umekalia ndoo ndani ya gari, umeweka bomba refu la chuma kwenye pampu kama mpini, unaipeleka kidogo mbele, kidogo nyuma, unamimina mafuta, unangoja. Sosaia akitaka kuivuta kwa nguvu ulimwambia, "Taratibu baba, hapa si pa ngumi." Mama alikuwa anasikia yote. Ukaniambia, "Muulize mama yako kama amekula," na yeye yuko palepale, anakusikia. Akasema, "Mwambie mjomba wako anauliza kama mke." Wewe ukacheka hadi ukaangusha bomba. Mama akacheka pia, kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Na siku pampu ilipoachia, mashine ikanguruma, alipiga kitanda kwa mkono mzima kana kwamba yuko kwaya.

Halafu ikaja ile Alhamisi asubuhi Mama alipotutoka, na wewe ukavaa mkeka mkubwa uliochanika, ukaenda nyuma kwenye majiko ya ardhini pamoja na wapishi, kama inavyompasa kaka. Hukumwona hata alipolazwa kwenye vitambaa vya magome. Ukaondoka kabla sijapata nafasi ya kukaa na wewe.

Kuna jambo sikukuambia, na sijui kama nafanya vizuri kukuambia sasa. Mama alinifunga mdomo alipokuwa hai, lakini nimeshindwa kulibeba peke yangu. Siku ile uliyofika alituambia tugeuze kitanda, kielekee uani. Kila asubuhi alitaka achanwe nywele, apakwe mafuta ya Seini, avalishwe gauni la kanisani. Nilipotaka kufunga mlango, kwa heshima, akanikataza. "Acha mlango," alisema. Kila siku, mjomba. Nikamwuliza, "Nimwite?" Akasema, "Siwezi kumwita chumbani kwangu, nitamtia katika makosa. Mlango upo. Akitaka ataingia, mimi sitasema kitu."

Alikungoja umtazame. Nadhani alitaka kukuomba radhi kwa ile siku ya funguo, lakini hilo hakulisema hata kwangu.

Nisamehe kwa kuandika, na nisamehe kwa kutokuandika mapema.

Kalolaine


Lifuka
23 Aprili 1996

Mpwa wangu Kalolaine,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Nimefika salama. Seini alilia gatini, kisha akanigombeza kwa kukonda. Tumeanza kuvuna viazi. Vya kwanza tumepeleka kanisani kwa jina la Lupe, na ni vikubwa, angenishangaa.

Umefanya vizuri kuniandikia. Usiombe radhi kwangu kwa jambo hilo wala kwa lingine lolote. Sasa nikuambie la upande wangu, maana wewe uliona kitanda tu, uani hukuwepo muda wote.

Niliuona mlango. Ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Nilidhani mmeufungua kwa sababu ya joto, nikaugeuzia mgongo, nikageuza na ndoo yangu ili nisitazame huko hata kwa bahati mbaya. Mafuta ya maua yalikuwa yananukia mpaka ndani ya gari. Nilijiambia ni vizuri, wanampaka.

Jumatano ile ya mwisho, wewe ukiwa dukani na Sosaia kazini, nilimsikia anakohoa. Kikohozi kile nakijua tangu utotoni. Ndicho alichokuwa akikohoa nilipokuwa nikikosea wimbo, ili nijirekebishe kabla mchungaji hajasikia. Nikaweka spana chini. Nikaenda mpaka kwenye ngazi, nikavua viatu. Akanyamaza. Nikajua amenisikia, na mimi nikasimama pale bila viatu, nikimsikia anavyopumua.

Kisha nikafikiri nitamwaibisha. Nikavaa viatu vyangu, nikarudi kwenye pampu.

Mjomba wako,
Lisiate